Bendi ya Mtaa Wetu



Katika kikao cha Halmashauri ya Walei cha mwezi uliopita, agenda ya mwisho, ile iitwayo "mengineyo" na ambayo kwa kawaida ndiyo huwachelewesha watu kurudi nyumbani, ilihusu bendi. Haikuwa kwaya, wala bendi ya shule. Ni ile bendi ya muziki wa dansi inayofanya mazoezi katika ua wa nyumba iliyo nyuma ya ukuta wa parokia, siku za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja jioni. Mjumbe mmoja alipendekeza tuandike barua kwa serikali ya mtaa kuomba bendi hiyo iondolewe. Alitoa sababu tatu: kelele wakati wa Kuabudu Ekaristi Takatifu siku ya Alhamisi, vijana wetu wa kwaya kuvutwa na muziki wa baa, na ya tatu, iliyosemwa kwa sauti ya chini, kwamba muziki wenyewe haueleweki ni wa nani. Sababu mbili za kwanza zilijadiliwa kwa saa nzima. Ya tatu haikujadiliwa kabisa, na ndiyo iliyonifuata hadi chumbani usiku ule. Nimeona niiandikie katika tafakari ya juma hili.

Bendi hiyo naifahamu, kwa sababu ukuta wetu ni mfupi.

Ilianza ikiwa na watu tisa. Mpiga gitaa la solo ni mzee aliyepita miaka sabini, Mlutheri, mzaliwa wa Morogoro, aliyewahi kupiga katika bendi za mashirika ya umma enzi zile ambapo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara na likizo. Bado humtaja Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979, kana kwamba ametoka hapo nje mara moja na atarudi. Mpiga ridhimu ni dereva wa bodaboda. Mpiga besi ni seremala. Viti vya sakristia yetu ni kazi ya mikono yake. Mpiga tumba ni Mzaramo, Mwislamu mwenye kushika swala zake, ambaye kabla ya kuligusa tumba alikwisha kuzunguka mitaa yote ya upande huu akipiga ngoma za mdundiko. Mwimbaji wa kike alilelewa Tanga katika taarabu, na hata anapoimba rumba sauti yake hupanda na kutetema mahali ambapo rumba haikuitarajia. Yupo mpiga drumu, mtu mkimya. Yupo kijana wa Bongo Fleva ambaye huingia katikati ya wimbo na kumwaga mistari yake kwa kasi. Wazee walimpokea baada ya majadiliano ambayo nayo niliyasikia, maana ukuta, kama nilivyosema, ni mfupi. Kinanda hupigwa na kijana ambaye kila Dominika mnamwona akipiga kinanda katika Misa ya pili. Na hadi mwezi Agosti mwaka jana saksafoni ilipulizwa na mzee mmoja wa parokia hii, ambaye nitamzungumzia baadaye.

Wimbo wao huanza polepole, kwa rumba. Ridhimu hutandika mkeka, besi hutembea juu yake, na solo hujibu kila mwimbaji anapovuta pumzi. Kisa husimuliwa kwa beti mbili au tatu: mke aliyekwenda kwao asirudi, mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita. Kisha hufika mahali ambapo wanamuziki wetu wa dansi hupaita chemko. Waimbaji hunyamaza au hubaki na kiitikio kifupi, magitaa hufumana, mwendo hupanda, na watu waliokuwa wamekaa hawakai tena. Bendi nyingi zifikapo hapo huelekea Kongo. Hii huelekea kwa Wazaramo. Rumba huhesabika kwa nne. Mdundiko huhesabika kwa tatu-tatu. Basi kwa muda wa kama nusu dakika tumba huhesabu tatu wakati besi ingali katika nne, na msikilizaji hajui aweke wapi mguu wake. Jumanne moja, nikiwa nimemaliza Masifu ya Jioni, niliwasikia wakikirudia kipande hicho mara kumi na tisa. Mpiga drumu alitaka kukatisha mwendo mmoja ghafla ili mwingine uanze. Mzee wa solo akamkataza: "Usikate. Msubiri mwenzako afike, ndipo uondoke." Mara ya kumi na tisa walivuka pamoja. Mimi nilifundishwa muziki seminarini, kwa solfa na kwa kugonga meza kwa kidole, na nilijaribu kukiandika kivuko kile kwenye karatasi. Nimekiandika mara tatu, na mpiga tumba, nilipomwimbia nilichoandika, alicheka kwa adabu.

Sasa, je, muziki huu ni wa nani?

Tuanze kwetu sisi wenyewe. Henry Morton Stanley alipokuwa Bagamoyo mwaka 1871, akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alikaribishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu katika misheni iliyokuwa ikiwalea watoto waliokombolewa utumwani. Huko alisikilizishwa bendi ya wavulana wakipuliza matarumbeta na kuimba nyimbo za Kifaransa, naye akaandika kwamba alistaajabu. Naamini nami ningestaajabu. Katika miaka ya 1890 pwani ya Kenya ikazaa beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu kwa sare, vyeo na gwaride, lakini kwa Kiswahili na kwa mashindano ya mtaa na mtaa. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaitawanya hadi bara pamoja na vyama vyake viwili mashuhuri, Marini na Arinoti. Kuanzia mwaka 1933 zikaanza kuja Afrika santuri za His Master's Voice zenye herufi GV, nyingi zikiwa na muziki wa Kuba. Vijana wa miji yetu wakazisikiliza, wakatafuta magitaa, wakaunda vikundi walivyoviita "jazz" ingawa jazz ya Wamarekani haikuwamo. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944.

Na Wakuba waliupata wapi? Waliupata kwa sehemu kubwa kwa Waafrika waliopelekwa huko katika minyororo, wengi wao kutoka Kongo na Afrika Magharibi. Utumwa katika kisiwa kile ulikoma mwaka 1886 tu. Kwa hiyo Wakongo walipoipokea rumba na kuifanya yao, African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1953 na OK Jazz ya akina Franco mwaka 1956, walikuwa wakimpokea mjukuu aliyerudi nyumbani akiwa amesahau lugha ya babu lakini hajasahau mwendo wake. Kutoka Kongo rumba hiyo ikavuka ziwa ikaja kwetu, safari hii pamoja na wanamuziki wenyewe. Remmy Ongala alizaliwa Kongo mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978, akaimba hapa kwa Kiswahili juu ya umaskini na kifo, akamalizia maisha yake kwa nyimbo za Injili hadi alipofariki Desemba 2010. Mpaka leo abiria wa Sinza hushuka "kwa Remmy".

Wenyeji nao hawakukaa mikono mitupu. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadili majina kila chama kilipobadili jina, na leo ni Msondo Ngoma. Msondo ni ile ngoma ndefu ya unyagoni. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ilijitwalia Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Yaani gitaa la umeme, lililokuja na santuri za Kuba kwa njia ya Kongo, likaenda kuomba jina kwa bibi zetu.

Kwa historia hiyo, mtu akiniambia muziki wa bendi hii hauna mwenyewe, najiuliza ni muziki upi wenye mwenyewe mmoja. Hata nyimbo zetu za ibada: mashairi ya Kiswahili, sauti nne za Ulaya, solfa iliyotungwa Uingereza, na kayamba.

Najua ninyi wapenda sheria mtaniuliza Kanisa linasema nini. Kanisa limesema mambo mengi, tena si sawasawa kila wakati. Mtakatifu Papa Pius X, katika waraka wake wa tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, alikataza kanisani piano, ngoma, matoazi na vyombo vya makelele, na akakataza bendi zisipigwe ndani ya kanisa. Katika maandamano ya nje tu askofu aliweza kuziruhusu. Fikirini: kwa kanuni hiyo ngoma tunayoipiga leo wakati wa matoleo ingebaki mlangoni. Mwaka 1958, kule Kamina nchini Kongo, Padre Guido Haazen na kwaya yake wakatoa Missa Luba, Misa ya Kilatini juu ya ngoma na sauti za Kiluba. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaagiza kwamba mapokeo ya muziki ya mataifa yaheshimiwe na kupewa nafasi yake. Mwaka huohuo padre wetu Mtanzania, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu chake Church Law and Bantu Music, akichambua kwa subira ya mwanasheria ni kwa kiasi gani muziki wa Wabantu ungeweza kusimama ndani ya sheria za Kanisa. Kitabu hicho kingestahili kusomwa zaidi ya kinavyosomwa. Hatimaye maelekezo ya Roma ya tarehe 5 Machi 1967 yakaviondoa katika liturujia vyombo ambavyo watu wenyewe huvitambua na kuvitumia kwa muziki wa kidunia peke yake. Kipimo hicho kimewekwa mikononi mwa watu, na watu hubadilika. Gitaa lililowashtua bibi zetu halimshtui mtu leo katika Misa ya vijana.

Mimi sitaki bendi hii ipige katika Misa, nao hawajaniomba. Tumba lile likiingia kanisani, waamini wangelitazama tumba, na Misa haiadhimishwi ili tutazame tumba. Lakini si kila kisichofaa altareni ni kichafu. Hata jembe hatulileti altareni, na tunalila jasho lake. Tena, niseme lililo moyoni, baadhi ya kwaya zetu siku hizi huwasha kinanda chenye midundo iliyotengenezwa tayari kiwandani, wakabonyeza kitufe, na sote tukaambiwa ni utamaduni wetu. Wale tisa wa nyuma ya ukuta hawabonyezi kitufe.

Hoja ya baa ni nzito zaidi, nami siipuuzi. Mapatano ya kawaida katika kumbi ni haya: mwenye baa huchukua fedha za vinywaji, bendi huchukua kiingilio cha mlangoni. Usiku wa mvua mwenye baa hupata kidogo, bendi haipati kitu. Harusi, zilizokuwa akiba ya wanamuziki, nyingi sasa huita mpiga santuri mmoja na kompyuta yake. Upo ukumbi mmoja, ambao sitautaja, uliowapigisha majumamosi manne na kuwalipa mawili, kwa maelezo kwamba wasikilizaji walikuwa wakinunua maji. Walichonacho wenzetu hawa, na ambacho bendi nyingi hazina, ni vyombo vyao wenyewe. Katika muziki wa dansi mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Akikasirika, anafunga stoo, na watu kumi hawana kazi. Hawa walinunua vyombo vyao kidogo kidogo kwa mikopo ya VICOBA, amplifaya kwanza, kisha spika, na umeme wa mazoezi huuchangia kwa LUKU kabla ya kuwasha. Mara moja umeme uliwakatikia katikati ya chemko, na kwa muda nilisikia tumba peke yake likiendelea, kama mtu asiyeambiwa kwamba wageni wamekwisha kuondoka.

Mama wa yule kijana wa kinanda alikuja ofisini. Ni mwanachama wa WAWATA, mama wa sala na wa kazi, na hakuja kutania. "Baba Paroko," aliniambia, "wewe ukimkataza atasikia. Mimi ameshanizoea." Anahofu pombe, anahofu wanawake wa usiku, anahofu kwamba mtoto aliyemlea kwa nyimbo za Kanisa atageuka kuwa mtu wa kulala mchana. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamwita kijana. Yeye alinieleza kwa heshima kwamba ada ya mdogo wake wa kidato cha pili, sare na nauli, hutoka kwenye fedha za Jumamosi, na kwamba mama anajua ila hapendi kujua. Akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: kwamba tangu aanze kukaa na wazee wale amejifunza kunyamaza. "Kanisani napiga muda wote, Baba. Kule mzee huniambia niache nafasi." Wanaosali Misa ya pili watakuwa wameona kwamba zaburi ya wimbo wa katikati sasa inasikika maneno yake.

Sikumkataza. Nilimwekea sharti moja, kwamba Jumamosi ya usiku isiibe Dominika asubuhi, naye hadi leo hajachelewa. Nilimweleza mama uamuzi wangu na sababu zake. Hajaridhika. Ananisalimia, ila kwa ufupi kuliko desturi yake, na ana haki ya ufupi huo, kwa kuwa mtoto ni wake na hatari aliyoitaja ipo.

Sasa nimrudie mzee wa saksafoni. Alikuwa mstaafu, alijifunza kupuliza katika bendi ya matarumbeta akiwa kijana, na alihudhuria jumuiya yake ndogo kwa uaminifu, akikaa daima karibu na mlango. Kisukari kilimchukua mguu kwanza. Alipuliza akiwa amekaa, na kwa maoni yangu alipuliza vizuri zaidi, labda kwa kuwa hakuwa tena na haraka ya kwenda popote. Alifariki mwezi Agosti mwaka jana. Msibani palitokea mnong'ono: wapo ndugu na wanajumuiya walioona si vyema watu wa bendi kubeba jeneza, maana ni watu wa baa. Mjane aliusikia mnong'ono huo akiwa amekaa chini kwenye mkeka. Alisema tu, bila kuinua uso, kwamba wakati mguu ulipokatwa, waliokuwa wakimbeba mume wake kumpeleka kliniki ni hao hao, kila Jumatatu. Jeneza walilibeba wao.

Misa ya mazishi ilikuwa kama Misa zote za mazishi, kwaya ikaimba, nami nikahubiri. Mpiga tumba alikaa nje, kwenye benchi, hadi tulipotoka, kisha akatembea nasi hadi makaburini. Tulipomaliza sala, tukatia udongo, mashada yakawekwa na wasifu ukasomwa, msemaji wa familia alinigeukia kuuliza kama bendi inaweza kupiga. Nilijibu kwamba ibada imekwisha, na kwamba hapo mimi ni mfiwa kama wao.

Makaburini hakuna umeme. Hapakuwa na solo wala besi wala kinanda. Palikuwa na tumba, manyanga na sauti. Waliimba wimbo alioutunga marehemu mwenyewe, wa mtu anayengoja basi la mwisho. Mwanamke wa Tanga aliongoza. Walipofika kwenye chemko, mahali ambapo saksafoni huingia, waimbaji walinyamaza kama kawaida, na tumba likaendelea, na nafasi ile ikabaki wazi. Ilikuwa nafasi ndefu. Ndipo mjane, akiwa bado ameshikwa mkono na dada zake, akaanza kuimba kwa mdomo uliofumbwa ile sauti ya saksafoni, nota baada ya nota, pamoja na mapambo yake yote madogo. Miaka thelathini na zaidi alikuwa akiisikia jikoni kwake. Mzee wa solo alivua miwani. Mpiga tumba aliteremsha mkono hadi tumba likawa halisikiki vizuri, akamsubiri afike.

Kuhusu barua, haikuandikwa. Halmashauri iliwatuma wajumbe wawili kwenda kuzungumza, nami nikaandamana nao. Nilimwamkia mzee wa solo, akaitikia, akatutolea viti. Tulimweleza juu ya Alhamisi na Kuabudu. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Baba Paroko, mngesema mapema," akajibu. "Hata sisi Alhamisi tunateseka. Kengele yenu iko nusu sauti chini ya funguo yetu." Mazoezi ya Alhamisi yamehamia Jumatano. Mjumbe aliyetoa hoja alinunua soda za watu wote, na alipoondoka alikuwa akiuliza Jumamosi wanapiga wapi.

Nafasi ya saksafoni haijapata mtu. Saksafoni yenyewe iko kwa mjane, juu ya kabati, na mjukuu wake wa darasa la sita ameanza kuiteremsha akitoka shule. Kwa sasa anaweza kutoa sauti moja tu, huirudia tangu saa kumi hadi magharibi, na majirani wawili wamekwisha kuleta malalamiko ofisini kwangu.